Jodari wa Siku Sitini

Mfanyabiashara wa Nairobi akifika Guangzhou, Uchina, kununua jinzi, kabla hajafungua begi lake huambiwa na wenzake: mtafute Mzee Khatib. Hukaa kwenye ngazi za jengo moja la nguo, Barabara ya Zhanqian, karibu na muuza chai, lakini chai hunywa ya flaski yake mwenyewe. Ile ya pale, asema, ni maji yaliyoonyeshwa majani kwa mbali.

Ana miaka sitini na saba na kazi yake ni ukalimani. Anajua Kimandarini cha madukani na Kikantoni cha wenyeji, na kwa kazi hiyo amewalisha wanawe mpaka wakajitegemea. Hata hivyo wanaomjua hawamfuati kwa ulimi, humfuata kwa vidole. Mpe suruali, atafumba macho, ashike mshono kati ya kidole gumba na cha shahada, auvute taratibu, kisha atasema, "Huu ukifuliwa mara tatu, unaachia." Mwenye duka hajui neno la Kiswahili, lakini anaujua ule uso. Huinuka mwenyewe kwenda kuleta mzigo wa chumba cha nyuma.

"Laoban," Khatib humwambia, na neno hilo huko ndilo la kumwita mwenye mali, "usichoke kunidanganya. Vidole hivi vilishika mshipi wa kuvulia kabla hujazaliwa."

Wateja hucheka. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza ni mshipi gani. Watu wa siku hizi huuliza bei tu.

Ulikuwa mshipi wa jodari. Khatib alizaliwa Msuka, ncha ya kaskazini ya Pemba, mahali ambapo ukitoka ufukweni kidogo tu bahari inadidimia hadi kusikojulikana. Baba yake, Makame, hakuvua kwa wavu wala kwa mtego. Alivua kwa mshipi wa mkono: pima mia za uzi uliozungushwa ndani ya pakacha, ndoana moja, na pete mbili za mpira zilizokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, za kukinga vidole. Pima moja ni urefu wa mikono miwili ya mtu mzima iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Makame aliposhika mshipi huo alijua kilichoko chini bila kukiona. Changu hugonga kama mgeni mwenye haya. Nguru hukata na kwenda zake. Papa hubeba kama hamali. Na jodari, alisema, hagongi wala habebi. Jodari hufungua mlango, na wewe umeegemea.

Ujuzi wa namna hiyo huchukua miaka arobaini kuupata. Kwa kuwa hauna cheti, ukifa haukumbukwi hata kwa dua.

Makame alikuwa na vidole vitatu mkono wa kulia. Viwili vilikwenda siku moja ya ujana, alipouzungusha mshipi kiganjani asimkose samaki. Kwa hiyo kila siku alimwambia mwanawe maneno yaleyale: "Usizungushe mshipi mkononi, hata umwone pepo na macho yako. Jodari hukasirikia kuvutwa. Hakasirikii kufuatwa."

Halafu zikaja meli kubwa kutoka nchi za mbali. Zilisimama upeoni zikazoa kila kitu, na miaka kumi haikupita jodari wa Msuka wakawa wa kulingana na mkono wa mtoto. Makame aliukunja mshipi wake akauning'iniza darini, na hakuushusha tena hadi alipokufa. Khatib akaenda Mombasa, akaoa huko, akaenda Dubai, na mwaka wa elfu mbili na mbili akafika Guangzhou. Alichochukua cha baba yake ni zile pete mbili za mpira. Zimo mfukoni mwake hadi leo, zimekauka kama maganda.

Kuna jambo alilomficha kila mtu, hata mkewe Fathiya anayempigia simu kila Ijumaa. Kisukari kilikuwa kimeanza kula ncha za vidole vyake. Mwaka wa pili sasa, akifumba macho na kushika mshono, kuna siku hakusikia kitu. Siku hizo alibahatisha.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani na begi la mgongoni, alisimama mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jinzi za kike au za kiume?"

"Si jinzi. Samaki."

Jina lake lilikuwa Nafula, mtu wa Busia, na alikuwa akimalizia shahada ya uzamivu ya mambo ya samaki katika chuo kimoja mjini. Khatib alicheka mpaka chai ikamwagikia mapajani.

"Mluhya na bahari wapi na wapi? Nyinyi si mambo yenu kuku?"

"Na Mpemba na jinzi wapi na wapi? Nyinyi si mambo yenu karafuu?"

Khatib alimtazama vizuri. "Kaa," akasema, akammiminia chai. Mtu anayejibu hivyo hasimamishwi.

Nafula akaeleza. Nje ya visiwa vilivyoko mlangoni mwa mto wa mji huu, mwezi wa nne, hupita jodari wa mapezi ya buluu, mkubwa kuliko jodari wote duniani. Hupita mmoja mmoja, na mwanzoni wakubwa wake chuoni hawakuwa na hakika kama kweli hupita au ni hadithi za wavuvi. Yeye alitaka kujua anakwenda wapi baada ya hapo. Alipewa vidude vitatu vya alama. Kidude hicho huchomekwa mgongoni mwa samaki kama mwiba, hukaa naye siku sitini kikiandika kimya kimya alikopita na alikozama, kisha hujichomoa, huelea, na kusema yote kwa setilaiti. Samaki akifa kabla ya siku hizo, kidude huwahi kupanda juu na kusema kifo.

"Cha kwanza kilisema baada ya siku moja," alisema Nafula. "Samaki tulipigana naye saa mbili kwa fimbo ya kuvulia na mashine. Tulimwachia akiwa hai, mzee, nilimwona akiogelea. Akaenda chini akafa. Cha pili kilichomoka siku ya tatu, sikukichomeka vizuri. Nimebaki na kimoja. Tarehe mosi mwezi ujao uvuvi unafungwa, na mwezi wa sita ukiisha ufadhili wangu nao umeisha. Nisipopata huyu mmoja, narudi Busia na miaka minne ya karatasi tupu."

"Pole, mwanangu. Sasa mimi wa nguo naingia wapi?"

"Boti tunayokodi ni ya mzee mmoja, huwapeleka watu kuvua kwa starehe. Kila tukivuta samaki anasema maneno, na mimi sijui Kikantoni. Mwenzangu anadhani anatutukana. Nilimrekodi."

Akaiweka simu sikioni mwa Khatib. Upepo ulivuma, mashine ya kukunja mshipi ililia, na chini ya kelele hizo sauti ya mzee ilisema jambo lilelile mara nne, mara tano. Khatib akaisikiliza hadi mwisho. Akaomba aisikilize tena.

"Hatukani," akasema. "Anasema: mnamchosha. Anasema: mnamwua kwanza, halafu ndio mnamwandika jina." Akaitazama simu. "Nafula, maneno haya mara ya mwisho niliyasikia Msuka. Boti inaondoka lini?"

Iliondoka Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, kutoka Nansha, pale Guangzhou inapokwisha na bahari kuanza. Nahodha aliitwa Leung, mzee wa miaka sabini na moja, mfupi, mwenye miguu iliyopinda kama bado imelishika shina la mlingoti. Alizaliwa ndani ya boti, kwa watu ambao zamani walizaliwa, wakaoana na kuzeeka juu ya maji ya mto huu bila kuwa na nyumba nchi kavu. Sasa serikali imewapa nyumba. Leung amepewa ghorofa ya tisa, na alimwambia Khatib kwamba tangu ahamie halali vizuri, kwa sababu sakafu haitikisiki. Ili apate kukaa baharini huwabeba watu wa mjini siku za mapumziko. Huja na fimbo za thamani ya gari, huvua nusu saa, na nusu siku iliyobaki huvua picha zao wenyewe.

Leung alikishika kiganja cha Khatib, akakigeuza kama mtu anayekagua samaki sokoni. Katikati ya kidole cha shahada palikuwa na kovu jembamba, la zamani kuliko miaka yake yote ya Guangzhou.

"Mshipi?" akauliza kwa Kikantoni.

"Mshipi. Sasa nguo."

"Halifutiki," alisema Leung. Akainua kiti, akasukuma maboya ya kuvaa, na chini yake akatoa kikapu cha mwanzi. Ndani yake mshipi mnene wa mkono ulikuwa umezungushwa vizuri, duara juu ya duara. Hakuna mteja aliyewahi kuuomba.

Yule mwenzake Nafula, Eugene, kijana wa Nairobi anayesomea uhandisi na ambaye mikono yake ameijenga kwa vyuma, alichungulia kikapuni. "Aki mzee, hii si ni kamba ya kuanikia nguo? Samaki ni kilo mia mbili! Atakuchukua wewe na kikapu."

"Akinichukua, mwanangu, waambie Zhanqian nimepata mzigo."

Nafula hakucheka. Alikuwa amekishika kile kidude, cheusi, chenye ukubwa wa kipaza sauti, kwa mikono miwili. "Tunashusha zote," alisema. "Fimbo ya Eugene na mshipi wa mzee. Atakayechagua ni samaki."

Kwa saa nne maji yalibadilika chini yao. Yalianza rangi ya chai, yakawa kijani, na kisha, bila mpaka unaoonekana, yakawa buluu nzito inayokaribia weusi. Khatib alikuwa hajaiona rangi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Alitoa zile pete za mpira, akazitia kwenye maji zilainike, akazivaa.

Adhuhuri samaki alishika ndoana ya Eugene. Fimbo ilijikunja nusu duara, mashine ikapiga kelele, na Eugene akakaza. Leung akaanza kusema maneno yake. Eugene akakaza zaidi. Dakika ya sita fimbo ilinyooka ghafla, na ndoana ikarudi juu ikiwa na kipande cha mdomo, chembamba kama kucha.

Eugene alikaa sakafuni akitazama viatu vyake. Nafula aligeukia upande wa pili wa boti, na mgongo wake tu ulitosha kueleza. Chambo kilikuwa kimebaki kimoja, kibua mkubwa aliye hai. Leung alimchukua, akampita Eugene, akampita Nafula, akampa Khatib.

Khatib alisema bismillahi akamshusha. Pima kumi. Ishirini. Arobaini. Mshipi ulipita vidoleni mwake, na jasho likamtoka, kwani vidole havikumwambia kitu. Vilikuwa kama vya mtu mwingine. Ndipo akafanya alivyofanya baba yake gizani: akaacha kutegemea ncha za vidole, akauhamisha mshipi kwenye lile kovu. Ngozi ya kovu ilikuwa hai. Akamsikia kibua akihangaika huko chini, kipigo kidogo kidogo, kama moyo wa ndege.

Saa nzima ikapita. Kisha kibua akaacha kuhangaika. Akatulia kabisa, na mnyama mdogo hutulia namna hiyo amwonapo mkubwa.

Mlango ukafunguka.

Hakukuwa na kugonga. Mshipi ulikuwa na uzito, kisha haukuwa na uzito, kisha ulikuwa unakwenda. Uliruka kutoka kikapuni duara baada ya duara, na harufu ya mpira unaoungua ikapanda.

"Vuta, mzee! Vuta!" Eugene alipiga kelele.

"Nyamaza, mwanangu. Hatumvuti. Tunamfuata."

Akafumbua mdomo amwambie Leung ageuze boti, akakuta imeshageuka. Yule mzee alikuwa haangalii kioo chake cha kuonyeshea samaki. Aliuangalia mshipi tu, mahali unapoingia majini, na mkono wake kwenye usukani ulikwenda kama mkono wa mtu anayemwongoza kipofu. "Maan-maan," alikuwa akisema, na Khatib hakuhitaji kumtafsiria mtu. Pole pole. Samaki akienda kulia, walikwenda kulia. Akizama, Khatib alimpa. Akipumzika, Khatib alirudisha pima mbili, tatu, bila ubishi. Wazee wawili, kutoka bahari mbili zisizojuana, walikuwa wanafanya kazi moja, na kati yao halikupita neno lingine.

Dakika ya ishirini na nne Nafula alisema, "Mungu wangu."

Samaki alipanda akiwa duara la mwanga, kwanza dogo kama sahani, kisha kama mlango, kisha ubavu mzima ukageuka na jua likampiga. Khatib alikuwa amemwona jodari maisha yake yote ya ujana, akadhani anamjua. Hakuwa amemwona jodari. Huyu alikuwa mrefu kuliko mtu mrefu, mgongo wake buluu ya chuma kilichotoka motoni, tumbo lake fedha, na kati ya rangi hizo mbili zilipita nyingine zisizo na majina, zikija na kuondoka kama maneno usoni mwa mtu anayefikiri. Vipezi vidogo vya manjano vilijipanga hadi mkiani. Mkia wenyewe ulikuwa mwezi mwandamo, na hakuupiga, aliutikisa kidogo tu, kama mtu mwenye nguvu asiyezihitaji. Eugene, ambaye alikuwa na neno kwa kila jambo, alivua kofia yake.

Na hapo ndipo Khatib alipokosea. Alikuwa amefundishwa kila siku ya utoto wake asifanye jambo moja, na akalifanya. Hofu ya kumkosa ilimwingia kama kizunguzungu, vidole vyake vilikuwa vimekufa tena, na mkono, bila kumwuliza mwenyewe, ukauzungusha mshipi kiganjani. Mara moja. Kisha mara ya pili.

Samaki akaiona boti, akaondoka.

Khatib alibamizwa ukingoni kifua mbele. Mshipi ulizama kwenye nyama ya mkono, akasikia mfupa wa kidole cha mwisho ukivunjika, sauti kavu kama ya kijiti. Leung alikuwa tayari ameshika kisu. Kumwokoa kulikuwa jambo la pigo moja, na pigo hilo lingemwondoa samaki bila alama, na ndoana mdomoni, na miaka minne ya Nafula ikimfuata kwenda chini.

"Usikate!" Khatib alilia kwa Kiswahili. Kikantoni kilikuwa kimemtoka chote. Leung akabaki na kisu hewani.

Kila kiungo chake kilitaka kuvuta nyuma. Ndivyo mwili ulivyo. Lakini katika ule uchungu alisikia wazi maneno ya mtu mwenye vidole vitatu, akaulegeza mwili wake. Akamfuata. Aliuachia mkono uende, kisha bega, kisha akapita juu ya ukingo mpaka kiunoni, na Eugene akamrukia miguu na kuikumbatia.

Kichwa cha Khatib kikaingia majini, na humo, chini ya maji, jicho lilikuwa linamtazama.

Lilikuwa kubwa kama kikombe, jeusi, lenye pete nyembamba ya dhahabu. Halikuwa na hasira. Halikuwa na woga pia. Lilimtazama kama bahari yenyewe ingekuwa na mahali pa kutazamia. Mvutano ukakatika. Samaki, alipoona havutwi, hakuwa na sababu ya kukimbia. Akapunguza mwendo, akaja sambamba na boti.

"Sasa, Nafula!" aliita Eugene kutoka kwenye miguu ya mzee. "Sasa hivi!"

Nafula alilala kifudifudi kando ya Khatib, akaunyoosha mti wake wenye kidude nchani. Akasubiri mgongo uinuke, akachomeka chini kidogo ya pezi la pili, kwa pigo moja safi, na samaki hakushtuka hata kidogo.

Leung alipeleka boti mbele taratibu, maji yapite mdomoni mwa jodari apate pumzi. Khatib alikuwa amefungua mizunguko ya mshipi. Kwa mkono wake mzima, wa kushoto, alimgusa ubavuni. Nafula alikuwa amemwambia njiani kwamba damu ya samaki huyu ni ya moto, naye alimdharau: samaki wa damu moto ndio nini? Sasa aliuweka mkono pale, na chini ya ngozi laini kama kioo kilicholoa ulikuwa unapita mtetemo na joto, kama ubavu wa ndama.

"Ni moto," alisema. "Wallahi ni moto."

Leung aliinama na kisu, akakata mshipi karibu kabisa na mdomo. Jodari alikwenda nao hatua chache zaidi, kana kwamba hajaambiwa kuwa yuko huru. Kisha hakuwapo. Hapakuwa na mruko wala povu, bahari ilifunga mlango wake tu.

Hospitalini, kati ya vidole viwili vilivyoumia, waliokoa kimoja. Cha mwisho kilikatwa hadi fundo la chini. Fathiya alilia kwenye simu, akauliza mzee wa miaka hiyo alikuwa anatafuta nini baharini. Khatib akamwambia, "Baba alitoa viwili, Mama Khalid. Mimi kimoja. Nimefanya kosa lake kwa nafuu."

Ndipo ikaanza kazi ngumu kuliko zote, ya kusubiri kitu kinyamaze. Kidude kikisema kabla ya siku sitini, jodari amekufa. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kufungua flaski, Khatib alimpigia Nafula simu.

"Kimesema?"

"Kimenyamaza, mzee."

"Alhamdulillahi."

Wateja walishangaa. Mmoja, Gitau, mnunuzi mkubwa wa jinzi za viwanda vya Xintang, alisema mzee ameoa mke wa pili na anaomba asiongee. Siku ya arobaini na moja simu ililia yenyewe, na jina lilikuwa la Nafula. Khatib hakuipokea. Aliitazama ikilia mara tatu, mkono wenye bendeji juu ya goti, mbele yake Gitau na suruali kumi na mbili. Ilipolia mara ya nne akaipokea.

"Mzee? Naomba tu namba ya Mzee Leung, yangu imepotea."

"Wewe mtoto," alisema Khatib, "utaniua mimi kabla ya samaki."

Alimwambia Gitau ukweli pia, siku hiyohiyo. "Ncha za vidole hazisikii vizuri tena. Miezi mingi nimekuwa nikibahatisha. Lakini hapa," akaonyesha kovu, "hapa pamebaki." Akapitisha mshono kwenye kovu, macho wazi. Gitau akangoja. "Huu," alisema Khatib, "ni mzuri." Gitau aliuchukua.

Siku ya sitini Leung alikuja Zhanqian kwa treni ya chini ya ardhi, kwa mara ya kwanza, akiwa amevaa shati la sherehe. Walikaa kwenye ngazi wote watatu, Nafula katikati na kompyuta mapajani. Saa tano na dakika kumi kidude kikasema.

Kilisema kutoka mashariki ya Japani, katikati ya bahari isiyo na kisiwa. Vitone vilijipanga kwenye ramani kimoja baada ya kingine: mlango wa mto, Taiwani, juu, juu zaidi, kisha kulia kuelekea kusiko na kitu. Nafula aliufunika mdomo kwa mkono, machozi yakapita juu ya vidole. "Yuko hai," alisema. "Mzee, yuko hai, na kila kitu kimo. Kila siku moja imo."

Khatib aliwatafsiria wote wawili, huku na huku, ingawa hakuna aliyemhitaji. Kisha akauliza, "Alizama kiasi gani?"

"Mara moja, mita mia tano na arobaini."

"Mita sizijui. Pima."

Nafula akapiga hesabu. "Karibu mia tatu."

Khatib akainuka. Mshipi wa Makame ulikuwa pima mia, na Makame alifundisha watoto kwamba chini ya hapo hakuna kitu ila giza la Mwenyezi Mungu. Khatib akasimama ukingoni mwa barabara, akanyoosha mikono yote miwili, wa kushoto ukigusa ukuta wa jengo. "Moja," akasema. Akasogea mpaka pale ncha ya mkono wa pili ilipoishia, akanyoosha tena. "Mbili."

Leung alimtazama, akaelewa, akaenda kusimama mbele yake na kunyoosha yake. Basi wakaenda hivyo, mmoja akimpokea mwenzake, wazee wawili wenye mikono kama ndege, kati ya mikokoteni ya marobota na pikipiki za umeme, Nafula nyuma akihesabu kwa sauti. Mabawabu walipiga miluzi. Hamali mmoja alifoka wapishe njia, kisha akaona nyuso zao, akaupitisha mkokoteni wake kando.

Mia moja iliishia mbele ya duka la viatu. Khatib alisimama hapo kidogo akatazama chini. Hapa ndipo baba alipofika. Wakaendelea. Mia mbili walipita jengo la jinzi, na jasho lilikuwa likimtoka. Mia tatu waliufikia uwanja wa stesheni ya treni, ambapo watu elfu kadhaa walikuwa wakienda njia zao.

Wakageuka. Jengo lao halikuonekana tena. Ngazi, flaski, muuza chai, vyote vilikuwa vimemezwa na urefu wa barabara.

"Yote hii," Leung alisema kwa Kikantoni, "kwenda chini."

"Gizani," alisema Khatib. "Na akarudi juu."

Alibaki amesimama hapo, mkono wa vidole vinne bado umenyooka mbele, hakuukunja.